Mashine ya soda imefungwa na ufunguo haupo

Tangazo likisema mashine ya soda inauzwa bila ufunguo, bei huwa imeshuka sana, na wanunuzi hugawanyika papo hapo: kuna wanaokimbia, na kuna wanaodhani wameokota dodo chini ya mnazi. Hao wa pili mara nyingi hawajakosea, ila kwa sharti. Marekani, ambako mashine nyingi za aina hii hutengenezwa na kupigwa mnada zikishachoka, kitasa kipya kwa kawaida ni dola 10 hadi 25, na kukibadilisha ni kazi ya saa moja kwa mwenye drili nzuri na subira. Mlango ndio usioguswa. Mlango ukipinda, ulichonunua ni kabati la chuma la kilo 300, na hata kulitupa utalipia.

Tunazungumzia mashine kubwa za kusimama za makopo na chupa, za kina Dixie-Narco, Vendo na Royal Vendors, pamoja na zile za vioo zinazouza biskuti na krispi. Zote zinafanana katika jambo moja linalotuhusu: mlango mzima wa mbele unashikiliwa na bolti ndefu moja, bolti inazungushwa na mpini wenye umbo la herufi T, na mpini umefungwa na kitasa kidogo cha duara kilichochomekwa katikati yake. Ukikishinda hicho kitasa kidogo, kilichobaki ni kuzungusha mkono.

Kabla ya yote, hakikisha mashine ni yako. Hili si la kusemwa kwa adabu tu kisha tukapita. Mashine nyingi zilizosimama madukani, gereji na kwenye nyumba za wageni si mali ya mwenye eneo. Kampuni ya kujaza soda imeziweka pale kwa mkataba, kama yanavyowekwa mafriji yenye nembo za soda kwenye maduka ya Dar es Salaam na Nairobi. Mwenye duka akifunga biashara anauza kila kilichomo, na hicho kisicho chake kinakwenda pamoja. Tafuta kibandiko au kibati chenye jina la kampuni na namba ya mali, mara nyingi ubavuni au mgongoni. Ukikikuta, piga simu kwenye hiyo kampuni uwasomee namba, uulize kama mashine ilishauzwa. Halafu dai hati ya mauziano iliyoandikwa namba ya mashine yenyewe. Karatasi inayosema "mashine moja ya soda" haikusaidii kitu. Fundi wa vitasa anayejiheshimu atakuomba hati hiyo kabla hajafungua mkoba wake, na polisi akipita akusikie unatoboa ataiomba pia. Mashine iliyosimama kwenye eneo la mtu mwingine haitobolewi hata kama una uhakika ni yako. Ihamishe kwanza.

Pili, muulize tena muuzaji habari za ufunguo, safari hii kwa swali tofauti. Ukiuliza "una ufunguo wa mashine hii?" atajibu hana. Uliza kama ana funguo zozote za mashine. Wafanyabiashara wa mashine hizi hununua vitasa vya namba ileile, vinavyofunguka kwa ufunguo mmoja, kwa mashine zao zote, ili anayezungukia mashine 30 asibebe funguo 30. Ufunguo unaolala kwenye droo yake kwa jina la mashine aliyouza mwaka juzi huenda ndio huohuo. Angalia pia uso wa kitasa, kwa sababu baadhi vimechongwa herufi na namba ndogo kuzunguka tundu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, piga picha. Wauza vipuri wengine na mafundi wa funguo huweza kuchonga ufunguo kwa kufuata namba hiyo, na hapo hutoboi chochote.

Tatu, na hili husahauliwa na wengi, iwashe ikiwa bado imefungwa. Mashine ya soda haihitaji kufunguliwa ili ujue kama ni nzima. Kama ilisafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe siku nzima kwanza ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Chomeka kwenye umeme unaolingana na ule ulioandikwa kwenye kibati chake. Taa inawaka? Kioo kidogo kinaandika nini? Baada ya dakika chache kompresa inaunguruma kwa sauti nzito isiyokatika, au inajaribu, inapiga "tak", inanyamaza, inajaribu tena? Huko kujaribu na kunyamaza ni dalili mbaya ya kompresa au ya rilei, yaani swichi yake ndogo ya kuwashia. Tia sarafu. Zikirudi zote, kipokea sarafu kimekwama au hakipati umeme. Zikipokelewa na ukabonyeza kitufe ukaambiwa bidhaa imekwisha, hiyo ni habari njema, maana bodi ya umeme inayoiendesha mashine inafikiri na vihisio vinasoma. Ukifanya vipimo hivi kabla ya kulipa utajua kama unanunua mashine iliyopoteza ufunguo au mashine iliyokufa ambayo ufunguo wake ni kisingizio. Hizo za pili zipo nyingi kuliko wauzaji wanavyokiri.

Sasa kitasa. Kinachokutwa zaidi ni cha ufunguo wa bomba: tundu la duara, katikati kijiti cha chuma, na kukizunguka kijiti hicho kwa kawaida pini saba zenye springi, zinazoonekana kama nukta ukimulika. Ufunguo wake ni kibomba kifupi chenye mikato ukingoni. Cha pili ni cha ufunguo bapa, tundu jembamba kama la kitasa cha dawati. Cha tatu ni vitasa vya usalama wa juu, Medeco au Abloy, ambavyo kampuni huweka kwenye mashine za vituo vya treni na mitaa yenye wizi. Ukiona jina la namna hiyo limechongwa usoni, pima mfuko wako kabla ya kujitia ufundi. Ndani yake mna vipande vya chuma kigumu vilivyowekwa makusudi kuua biti ya drili. Vilevile mashine mpya kadhaa zina kitasa cha umeme kinachofunguliwa kwa rimoti au kadi, na hicho huhitaji mashine iwe na umeme na mtu mwenye idhini kwenye mfumo wa kampuni. Hapo drili haina kazi.

Mtandaoni utakutana na namba za siri za kubonyeza kwenye vitufe, eti mlango unafunguka au soda inashuka bure. Namba zipo kweli kwenye aina fulani za mashine, lakini zinachofungua ni menyu ya taarifa: hesabu ya mauzo, kumbukumbu za hitilafu, pengine joto la ndani. Mlango unashikwa na bolti ya chuma, nayo haijui namba.

Mtaimbo ndio adui mkubwa. Mtu huona upenyo kati ya mlango na kabati, huingiza ncha, hukandamiza kwa uzito wote, na mlango kweli hubonyea. Bolti inabaki palepale. Kilichotokea ni kwamba ukingo wa mlango umejikunja kwa milimita tano, na mpira wa mlango hautagusana tena na kabati sehemu ile. Hewa ya joto inaingia usiku na mchana, kompresa haipumziki, barafu inajijenga kwenye koili ya ndani mpaka feni inaanza kuikwangua. Umeokoa kitasa cha dola 15 ukaharibu mlango usiouzwa popote isipokuwa kwa kuchinja mashine nyingine. Kuvunja kioo cha mashine ya biskuti ni upuuzi wa aina hiyohiyo, kwani kioo chake ni kigumu, mara nyingi cha tabaka mbili, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya kitasa. Grenda nayo ina mahali pake, yaani kwenye kufuli la nje lililoongezwa juu ya pete ya chuma, lakini cheche zake huyeyusha plastiki ya uso wa mbele na kuacha vitone vyeusi visivyofutika. Kama shingo ya kufuli inafikika, tumia mkasi mkubwa wa chuma. Kama haifikiki, funika uso wote kwa blanketi lililoloweshwa maji kisha ndiyo uwashe grenda.

Kwa kitasa cha bomba, andaa vitu hivi: drili yenye kasi inayodhibitika, biti za kobalti za milimita 3, 6 na 10 (nunua mbili mbili za ndogo), senta panchi na nyundo, bisibisi bapa nene, grisi kidogo, mafuta ya kukatia, sumaku, na miwani ya kulinda macho. Kuna pia msumeno wa bomba uliotengenezwa mahsusi kwa vitasa hivi, wa kipenyo cha kama milimita 9.5, wenye uwazi katikati unaokimeza kile kijiti. Fundi wa vitasa anao. Ukiweza kuununua au kuuazima, kazi inakuwa nyepesi nusu yake, kwa sababu kijiti cha katikati kinauongoza na hauwezi kukimbia pembeni. Na kitasa kipya kiwe mkononi tayari kabla hujaanza. Mashine iliyotobolewa haifungiki, na usiku mmoja unatosha mashine isiyofungika kuibiwa kila kilichomo.

Chomoa plagi, usizime tu. Isogeze mashine mgongo uguse ukuta na miguu yake yote minne ikanyage sakafu. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Matumizi ilihesabu vifo 37 vya watu walioangukiwa na mashine za soda kati ya 1978 na 1995, wengi wao wakiwa wanazitikisa ili zitoe kinywaji au pesa. Mashine tupu iliyosimama kwenye sakafu yenye mwinamo wa mbele haihitaji hata kutikiswa. Ukifungua mlango, uzito wote unahamia mbele.

Anza kwa kuinyunyizia tundu mafuta mepesi, kama WD-40, uache dakika kumi. Jaribu funguo zote ulizopewa, kila moja taratibu. Kitasa kilichokaa miaka bila kuguswa mara nyingine kinakataa hata ufunguo wake halali kwa sababu ya soda iliyokauka ndani, na mafuta hayo ndiyo dawa. Zikishindikana, ziba kwa teipu upenyo ulio chini ya mpini, na chini yake bandika mfuko wa karatasi ulio wazi mdomoni ili kupokea chembe za chuma. Sababu ya usumbufu huu utaiona mlango ukifunguka: kipokea sarafu na kisoma noti viko nyuma ya uso huo, jirani kabisa na mpini. Chembe moja ya chuma ikilala juu ya bodi, siku ukichomeka umeme inakuwa waya.

Hakikisha drili haiko kwenye hali ya kugonga, ile ya zege. Kugonga kunatingisha kitasa kwenye makazi yake na biti inateleza. Kama unao msumeno wa bomba, uvishe juu ya kijiti, mafuta kidogo, kasi ndogo, mkono ukisukuma bila kulazimisha. Kama huna, gonga alama kwa senta panchi katikati kabisa ya kile kijiti, ingia na biti ya milimita 3, kisha 6, kisha 10. Kila baada ya sekunde kumi hivi toa biti, ipake grisi, safisha tundu. Grisi inanasa chembe na kuipoza biti. Biti iliyopata moto hadi kuwa ya bluu imeshakufa. Ukiendelea kuisukuma itakatikia ndani, na kipande cha biti ndani ya kitasa ni kigumu kuliko kitasa chenyewe. Huo ndio mkosi wa kawaida kuliko yote katika kazi hii, na chanzo chake ni kasi kubwa.

Soma chembe zinazotoka. Mwanzo ni za kijivu zinazong'aa, za kijiti na uso wa kitasa. Baadaye rangi ya shaba inaweza kuchanganyika, maana pini nyingi ni za shaba njano. Kisha utaona vitu viwili vinavyokufurahisha: vispringi vidogo kama unywele uliojikunja, na vipande vya pini vyenyewe. Vikianza kutoka, simama. Ingiza bisibisi bapa, jaribu kuzungusha kwa upole upande ambao ufunguo ungezunguka. Kikigoma, toa, piga chafya ya hewa kwa pampu ya baiskeli, vuta mabaki kwa sumaku (shaba haivutwi, hiyo itoe kwa kijiti cha kusafishia masikio chenye grisi), kisha toboa kidogo tena. Pini moja tu iliyobaki nusu inatosha kuzuia. Kitasa kikizunguka, kilimi chake cha pembeni kinarudi ndani, na mpini uliokuwa umezama unaruka nje kwa springi, sentimita chache, kwa mlio wa "tap".

Usipanue tundu kupita silinda ya kitasa. Ganda linaloizunguka ni sehemu ya mpini, na ndilo litakaloshika kitasa kipya. Ukilila, utanunua mpini mzima. Si msiba, vipuri vipo, lakini ni pesa na siku za kusubiri.

Kitasa bapa kinatobolewa juu kidogo ya tundu la ufunguo, pale silinda ya ndani inapokutana na ganda, kwa utaratibu uleule wa kupanda biti. Hakuna zaidi la kusema. Vile vya usalama wa juu mpe fundi. Mtu anayevunja biti nne za kobalti kwenye Medeco ameshalipa nusu ya ujira wa fundi bila kufungua kitu, na fundi aliyezoea aina hiyo huenda asiharibu chochote.

Mpini ukisharuka, unazungushwa kinyume cha saa, mizunguko mingi, maana ni bolti yenye nyuzi inayotoka kwenye nati iliyofungwa ndani ya kabati. Hapa wengi hukwama wakadhani kitasa hakijafunguka. Mpini ukiwa mgumu kupita kiasi, mlango umeshuka kwenye bawaba zake na unaikandamiza bolti. Mwenzako aingize ubao chini ya kona ya mlango upande wa mpini aunyanyue kidogo, au ausukume mlango ndani kwa bega, huku wewe ukizungusha. Ghafla unakuwa mwepesi. Usiuvute mlango nje wakati wa kuzungusha, kwa sababu ndivyo unavyoongeza mkandamizo. Mpini ukizunguka bure bila kutoka, huku kitu ndani kikilia kachakacha, nati ya ndani imeachia na inazunguka pamoja na bolti. Hapo dawa ni mkandamizo kidogo: mwenzako auvute mlango taratibu ili nati iume ukuta wake, wewe uzungushe polepole. Hiyo ndiyo hali pekee ambayo kuvuta kunasaidia, na ndiyo maana ni muhimu kusikiliza kabla ya kuamua.

Fungua mlango robo kwanza, mtu mmoja akishika juu ya kabati. Shusha pumzi nje kabla hujachungulia, kwani mashine iliyokaa imefungwa bila umeme ni shimo la uvundo. Makopo yaliyopasuka, soda iliyotiririka ikawa gundi kwenye mota za kudondoshea, mende, pengine kiota cha panya kwenye pamba ya joto karibu na kompresa. Vaa glavu. Vinywaji vilivyomo ni vya kutupwa hata kama tarehe haijapita, na pesa zilizomo zifuate masharti ya mnada au makubaliano, maana baadhi ya wauzaji huandika waziwazi kwamba yaliyomo si sehemu ya mauzo.

Kabla ya kushika kitu kingine, pita na sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kipokea sarafu, kisoma noti na bodi, kisha nyonya kwa mashine ya kufyonza vumbi. Usipulize hewa, utazisukuma chembe chini ya vipande vya bodi. Baada ya hapo tazama ndoano au mfuko mdogo upande wa ndani wa mlango. Hapo, mara nyingi kuliko unavyodhani, unaning'inia ufunguo. Ni wa kisanduku cha pesa ambacho kina kufuli lake, na mara moja moja ni ule wa mlango uliokuwa ukiutafuta, aliousahau mtu wa mwisho kujaza soda.

Kitasa kipya kinaingia hivi. Toa mabaki ya cha zamani kwa koleo, safisha ganda, hakikisha kijishimo ambacho kilimi kinajificha hakina chembe. Zungusha ufunguo mpya ili kilimi kirudi ndani, chomeka kitasa huku ukilinganisha kijino chake na mfereji wa ganda, zungusha ufunguo kurudi, chomoa. Vuta kitasa kwa vidole kuhakikisha hakitoki. Sasa fanya majaribio mlango ukiwa wazi: sukuma mpini uzame, ujifunge, fungua kwa ufunguo, uruke. Rudia mara kumi, kwa kila ufunguo uliokuja na kitasa. Kama hata mara moja umegoma, usifunge mlango. Kitasa kilichochomekwa nusu kinakubali mara tano za kwanza kisha kinakufungia nje, na utarudi kwenye drili.

Usinunue kitasa cha bei ya chini kabisa chenye namba inayouzwa kila mahali, kwani funguo za namba hizo zinauzwa na mtu yeyote kwa yeyote. Wauza vipuri wanaoaminika wanaweza kukupa namba isiyo ya kawaida, na kukuuzia vitasa vingine vya namba hiyohiyo siku ukiongeza mashine. Andika namba mahali pawili. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya mashine wala kwenye shada moja na ule wa kazi.

Anayetaka kuituma mashine kutoka Marekani hadi nyumbani Afrika Mashariki afanye hesabu nyingine kabla ya kushika drili, maana huenda kufungua kusiwe na faida. Mashine ya Marekani ni ya volti 115 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, unachoma bodi na kompresa kwa pamoja. Transfoma ya kushusha inatibu volti lakini haigusi hezi, na mota ya kompresa iliyokusudiwa hezi 60 ikipewa 50 kwa volti zilezile hupata joto. Soma kibati cha kompresa yenyewe: nyingi zimeandikwa volti 115 kwa hezi 60, na pembeni yake volti 100 kwa hezi 50. Kama maandishi hayo yapo, nunua transfoma inayotoa volti 100, si 115, yenye nguvu ya angalau VA 2,000, na 3,000 ni salama zaidi, kwa sababu ya mkupuo wa kuwaka. Kama hayapo, hesabu bei ya kompresa mpya pamoja na gesi.

Kipokea sarafu kinajua senti 5, 10 na 25 za Marekani, na kisoma noti kinajua dola. Shilingi kitazitema. Wengi huvitoa vyote viwili wakaweka kifaa cha malipo ya simu, na hilo linawezekana bila maumivu kama mashine inatumia MDB, mfumo wa pamoja wa kuunganisha vifaa vya malipo na bodi, ulioenea kuanzia miaka ya 1990. Angalia waya unaoingia kwenye kipokea sarafu: plagi ya pini sita kwa kawaida ndiyo MDB. Mashine ya zamani zaidi itahitaji bodi nyingine, na bodi inaweza kukugharimu kuliko mashine yote uliyoinunua mnadani. Safu za makopo nazo zimekatwa kwa kopo pana la mililita 355. Kopo jembamba la mililita 330 likiingia bila kipande cha kujazia upande, mota hudondosha mawili kwa bei ya moja, na utajua jioni ukihesabu.